Yuda Aliyekataa Kuungua

Yuda wa mtaa wa San Lázaro alipasuka saa nne kamili, kengele za Jumamosi ya Utukufu, mkesha wa Pasaka, zilipoanza kulia, na ilipofika saa nne na dakika tano alikuwa amekwisha kuua watu wawili. Kwa Yuda wa karatasi, si haba.

Inspekta Crescencio Baeza alifika saa nne na robo, bado anatafuna. Aliruka maiti ya kwanza, muuza maji aliyekatwa koo kwa chupa, ngumi yake ikiwa imebana pembe ya karatasi ambayo sehemu yake iliyobaki iliondoka na mwenye chupa. Maiti ya pili ilikuwa ya bibi kizee aliyekanyagwa. Karibu na nguzo ya taa alisimama kijana wa duka la viatu, kiganja chake kimepigiliwa kwenye mti wa nguzo hiyo kwa kisu, akimwomba kila mpita njia amchomolee.

Baeza alikichomoa. Akakipangusa kwenye suruali ya kijana huyo huyo, akakitia mfukoni.

"Kisu hicho si changu," kijana alilia.

"Najua. Wenye visu siku hizi wana adabu, wanavigawa bure."

Juu, kwenye kamba iliyovuka barabara, zilining'inia tumbo na mguu mmoja wa Yuda, suruali yake ya kitajiri imepakwa rangi nyeusi. Kila mwaka sanamu ya Yuda msaliti hujazwa baruti na peremende, hulipuliwa kengele zikilia, na watu hugombea peremende. Mwaka huu tumbo lilipofunguka zilishuka fedha: karatasi nzima nzima za noti, nne nne, hazijakatwa bado. Peso kumi kumi za Mapinduzi, zile zenye nyuso mbili.

Sajini Petronila Lerma alikuwa amekusanya fungu zima mkononi. Mama huyu alikuja na jeshi akimfuata mumewe. Mume akafa vitani Torreón, yeye akaendelea na bunduki ya marehemu na madaraka yake. Kanali wa kikosi alimkabidhi kwa Baeza ili amlinde, au ili amchunge, hakusema lipi.

"Bandia," alisema Petronila, akimpa moja.

"Zingekuwa bandia, tungekuwa na bahati." Baeza aliinua kioo chake cha kukuzia. "Ona pembe hii ya majani, kushoto. Jani la tatu limevunjika ncha. Mimi ndiye niliyemwomba mchonga bamba la kuchapia alivunje, ili tujue yetu na isiyo yetu. Tulikuwa tunajua wawili. Sasa tuko watatu, na ukitoa siri nitakupiga risasi."

"Kwa bunduki ya nani, bosi? Yako uliiuza."

"Nitaazima yako. Geuza upande wa pili."

Petronila aligeuza. Nyuso zote mbili za mashahidi wa Mapinduzi zilikuwa zimesimama kichwa chini.

"Karatasi iliingizwa kinyume," Baeza alisema. "Ni noti halisi zilizoharibika. Kila Ijumaa zinatolewa kiwanda cha noti, zinachomwa mbele ya afisa, cheti kinawekwa sahihi. Hizi ulizozishika, Sajini, kwa maandishi ni majivu."

"Majivu yameua watu wawili."

"Na yameloa." Alisugua ukingo wa karatasi kati ya vidole. Ulikuwa mzito, unateleza. Akanusa. "Nani aliyemtengeneza Yuda huyu?"

"Ausencio Rentería, fundi wa vinyago. Yuko kambini. Luteni Nájera alimkamata kabla moshi haujatua. Atapigwa risasi saa sita, kwa kughushi fedha."

"Na kesi yake?"

"Saa sita kasorobo. Kanali akimaliza kahawa yake mapema."

*

Kanali Epigmenio Arzate alikuwa bado kwenye kahawa. Mezani mbele yake palikuwa na hukumu, wino haujakauka. Sakafuni, upande wa mlango, alilala Ausencio Rentería: mtu mfupi, mikono yake myeupe kwa chokaa hadi viwiko, uso wake umevimba upande mmoja kama boga. Taya lilikuwa limekaa mahali pasipo pake. Meno matatu yalikuwa kwenye kisahani, mtu ameyapanga vizuri.

Baeza alichuchumaa, akamfunua jicho. Lilikuwa jeupe.

"Kanali, umeniambia nimhoji mtu huyu. Nimhoji kwa mdomo upi?"

"Alileta ubishi wakati wa kukamatwa. Luteni Nájera akampiga na kitako cha bunduki."

"Askari wako nimewaona wakipiga watu miaka miwili sasa. Wanapiga tumboni, wanapiga figo, wanapiga vidole vya miguu kwa sababu vinachekesha. Mdomoni hawapigi, maana wanataka watu waseme. Huyu Luteni ana haraka gani ya kunyamazisha mtu?"

"Chencho," Kanali alisema taratibu, akimwita Baeza kwa jina la utani, "asubuhi hii wauza nyama wamekataa noti. Wote. Wanasema kama Yuda anazo, za nini? Nikichelewa hadi kesho, farasi wangu watakosa nyasi na askari wangu watakula farasi. Mtaa unataka kuona mtu amekufa kwa ajili ya noti. Mtu ninaye."

"Una mtu. Sina hakika kama ni mwenyewe."

"Basi niletee mwenyewe kabla ya saa sita. Ukichelewa, utamkuta huyu amekwisha. Maiti moja inatosha, sina baruti ya kuchezea."

"Huyu hawezi hata kusimama ukutani."

"Ndiyo maana nimemtuma Luteni akatafute kiti."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika ishirini. Baeza alimtazama tena fundi, akachukua kisahani chenye meno, akakitia mfukoni penye kisu.

"Ya nini?" Kanali aliuliza.

"Mkewe atayataka."

*

Mkewe, Doña Eduviges, hakuyataka. Aliyatazama, akakaa juu ya kiti cha magogo, akauliza kitu kimoja tu: "Anapumua?"

"Anapumua, mama. Hadi saa sita. Nisaidie tuongeze."

Karakana ilijaa akina Yuda ambao hawakupata wanunuzi mwaka huu: mashetani wenye pembe, matajiri wenye saa za mnyororo, jenerali mmoja wa upande wa pili. Baeza aliwapita wote akauendea ule mguu wa Yuda wa San Lázaro ambao Petronila aliuteremsha kwenye kamba na kuubeba begani kama paja la ng'ombe. Akauweka mezani, akatoa kisu cha kijana wa viatu, akaanza kuuchuna.

"Mumeo anaanza na tabaka la ndani?"

"La ndani kwanza, juu ya kalibu," alisema Doña Eduviges. "Anabandika tabaka moja, anaacha likauke siku nzima, kesho yake jingine. Ukiharakisha, Yuda anaoza kabla ya kulipuka. Kwaresima nzima ni kubandika."

"Kwa gazeti gani?"

"Lolote la jana. Padri hutupatia akishasoma."

Baeza alinyanyua macho, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliliona gazeti la juu kabisa: tarehe ishirini na saba Machi. Akalichuna. Chini yake ishirini na sita. Chini yake ishirini na tano. Aliendelea kuchuna tabaka kwa tabaka, kisu kikiingia kama kwenye kitunguu, Petronila akisoma tarehe kwa sauti. Ishirini na moja. Ishirini. Kumi na tisa.

Tabaka lililofuata halikuwa gazeti. Nyuso mbili zilimtazama, kichwa chini. Akalinyanyua. Chini yake: gazeti la tarehe kumi na nane.

"Gazeti la tarehe kumi na tisa lilibandikwa ishirini," Baeza alisema. "La kumi na nane lilibandikwa kumi na tisa, mchana. Halafu jioni ya siku hiyo hiyo, kabla halijakauka vizuri, akaongeza noti. Mumeo ana mkono mmoja kwa siku, mama. Siku hiyo alibandika mara mbili. Kwa nini?"

"Kwa sababu karatasi ilikuja nyingi na nzuri, alishikwa na furaha." Doña Eduviges alifunga macho akikumbuka. "Sikuwepo. Nilikuwa kanisani kwa ajili ya Mtakatifu Yosefu. Niliporudi nikakuta gunia la unga mlangoni. Nilicheka peke yangu, nikidhani ni unga. Ndani kumbe karatasi. Nikamuuliza nani kaleta, akasema wanaoleta hawapendi kutajwa. Yeye hajui kusoma, bwana mkubwa. Kwake picha ni picha."

"Gunia liko wapi?"

Alikuwa amelifanya aproni. Liligeuzwa, na kwenye mgongo wake, chini ya madoa ya rangi, kulikuwa na suke la ngano na herufi mbili: J. Z.

"José Zubía," alisema Petronila. "Mwoka mikate. Tanuri lake ndilo linalochoma noti mbovu kila Ijumaa. Kiwandani hawana tanuri."

"Swali la mwisho, mama. Gundi hii inateleza. Si unga."

"Unga!" Doña Eduviges alicheka bila kucheka. "Mwaka jana kopo la unga lilikuwa noti moja. Mwaka huu ukienda na noti za kopo moja unabeba kwa kapu. Tunabandika kwa ute wa mpungate, mmea ule wa miiba, unamea bure nyuma ya makaburi. Haukauki kamwe hadi ndani. Na baruti yote imechukuliwa na jeshi, tulipata nusu ya nusu. Ausencio alisema: mwaka huu Yuda ataungua akipenda mwenyewe."

*

Mlango wa mwoka mikate ulikuwa wazi na hakukuwa na harufu ya mkate.

Don José Zubía alikuwa amepiga magoti mbele ya hori la kukandia, kama anayenawa uso. Kichwa kilikuwa ndani. Unga uliokandwa alfajiri ulikuwa umeumuka, ukampanda mashavuni, ukamfunika masikio. Kisogoni ulikuwa mwekundu. Petronila alimvuta kwa ukosi. Unga ulimfuata, ukanyooka, ukakatika. Fuvu nyuma lilikuwa na shimo la upana wa kitako cha bastola, na shimo jingine kando yake, na jingine.

"Hajakaa nusu saa," Baeza alisema, akibonyeza unga kwa kidole. "Umeumuka ukimzunguka. Angekufa zamani, ungekuwa umeshuka."

"Alipigwa akiwa amesukumwa humo humo." Petronila alijifuta mikono. "Unga umeruka hadi dari."

"Basi na bastola imekula unga."

Alizunguka chumba akitazama sakafu tu. Kwa mwoka mikate, sakafu ni daftari. Unga hutua kila siku na hakuna anayeufagia wakati wa kazi. Karibu na tanuri alisimama.

"Sajini. Njoo unicheke."

Sakafuni, katikati ya weupe, palikuwa na alama nne safi zilizokaa mraba, kila moja ya ukubwa wa mguu wa kiti. Tatu zilikuwa mviringo. Ya nne ilikuwa na mikwaruzo, kama ya waya.

"Mwizi gani anaua mtu kwa ajili ya kiti?" Petronila aliuliza.

Baeza alielekeza kidole upande wa kambi. Petronila aliangalia alama nne, akaangalia maiti, akaanza kutukana, na alitukana kwa ustadi, bila kurudia tusi, kwa muda wa kutosha Baeza kufika kwenye msumari wa ukutani ambako mwoka mikate alitundika vyeti vyake vya uchomaji.

Alivipekua hadi tarehe aliyoitaka. "Ijumaa, tarehe kumi na tisa Machi. *Zimechomwa zote katika tanuri la Zubía, mbele yetu.* Sahihi mbili: José Zubía. Luteni Cástulo Nájera." Alimwonyesha Petronila. "Siku ya Mtakatifu Yosefu. Ulikula nini siku hiyo?"

"Mkate mkavu wa jana yake. Mtaa mzima ulikula mkavu. Don José hafanyi kazi siku ya somo wake Yosefu, hata umlete Askofu."

"Tanuri lilikuwa la baridi. Nájera analeta mzigo, anakuta mwoka mikate amelewa na tanuri halina moto. Kuni bei mbaya, na Luteni ana haraka. Mmoja wao anapata wazo: wampe fundi wa Yuda, wiki mbili tu zitaungua mbele ya mji mzima, na Mungu atakuwa shahidi. Wanaweka sahihi, wanakwenda kunywa."

"Kwa uvivu wa siku moja, aue mtu?"

"Kwa uvivu angeomba radhi. Mtu anayepeleka mzigo kuchomwa, bila kuhesabiwa na yeyote, huchagua kwanza. Zenye kasoro ndogo anazitia pembeni. Hizi za kichwa chini hata kipofu angezirudisha. Asubuhi hii alipoziona zinashuka kutoka mbinguni, alijua mtu wa kwanza nitakayemuuliza ni fundi, na wa pili ni mwoka mikate." Aliangalia saa yake. Sita kasoro dakika kumi na mbili. "Fundi hawezi kusema. Mwoka mikate hatasema. Umefunga nyumbu wako karibu?"

*

Ukuta wa machinjio ulikuwa na matundu mengi tayari kiasi kwamba njiwa walitaga ndani yake. Ausencio Rentería alikuwa amefungwa kwenye kiti kwa mkanda wa farasi, kichwa kimeanguka kifuani. Kiti kilikuwa cha mbao nyeupe, mguu mmoja umefungwa waya. Askari watano walikuwa wameelekeza bunduki. Luteni Cástulo Nájera, kijana mtanashati mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta, aliinua mkono.

Nyumbu wa Petronila aliingia katikati kwa fujo, Baeza akimwangukia mmoja wa askari.

"Kanali!" alipiga kelele akiwa bado chini. "Kabla hamjafyatua, nauliza bei ya hicho kiti!"

Askari walicheka. Kanali Arzate, kwenye kivuli chake, hakucheka. "Chencho, una dakika mbili na hujachekesha."

"Ni kiti kizuri. Mwenyewe angekihitaji, ila amekufa." Baeza alisimama, akajipangusa. "Luteni, umekipata wapi?"

"Sokoni," Nájera alisema. "Mkono wangu umechoka, Kanali. Niushushe?"

"Usiushushe. Ukiushusha watafyatua," Kanali alisema. "Jibu swali."

"Nimejibu. Sokoni."

"Miguu yake ina unga, Kanali. Unyooshe kidole uonje," Baeza alisema. "Mguu wa waya umeacha alama sakafuni kwa Don José Zubía, na Don José yuko horini na kichwa kilichofunguliwa. Hiki hapa cheti kinachosema noti zilizotua leo zilichomwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, katika tanuri ambalo siku hiyo mtaa mzima unajua lililala. Sahihi hii ya pili, Luteni, ni ya nani?"

Nájera alitabasamu. Mkono wake ulibaki juu.

"Cha kusikitisha ni hiki," Baeza aliendelea, akisogea pembeni, mbali na kiti. "Ulifikiri vizuri. Mwaka mwingine wowote zingeungua. Ila noti ulizochagua, wewe na wenzako wa kila mji, zimefanya unga usishikike. Unga ulipopotea, fundi akabandika kwa ute wa mpungate. Ute hauungui. Noti zako zenyewe ndizo zilizowaokoa wenzao wasiungue, Luteni. Nisingekupata kwa akili yangu, naapa. Umekamatwa na bei ya unga."

Mkono wa Nájera ulishuka. Askari hawakufyatua, kwa sababu haukushuka kwa amri, ulishuka kwenye mkoba wa bastola, na mdomo wa bastola ukatokea hatua tatu mbele ya uso wa Baeza.

Akavuta.

Nyundo ya bastola ilishuka nusu ikakwama. Donge la unga, lililoanza kukauka, lilikuwa limekaa pale inapopigia. Nájera alilitazama. Akavuta tena.

Petronila hakumpa ya tatu. Kitako cha bunduki ya marehemu mumewe kilimpata Luteni chini ya masharubu, na mlio wake ulisikika hadi kwa njiwa. Alianguka, akainuka kwa magoti, akatema, akaanguka tena.

Kanali alisimama. Alikwenda kwenye kiti, akainama, akapitisha kidole kwenye mguu wa mbao, akakiweka ulimini.

"Mfungueni fundi," alisema. "Kiti msikiondoe."

"Kanali," Baeza alisema, "nilitaka kumhoji kwanza. Ana wenzake. Kuna noti nyingine."

Kanali alimtazama Nájera, aliyekuwa ameshikilia taya lake kwa mikono yote miwili kama mtu anayebeba bakuli la supu.

"Kwa mdomo upi?" alisema Kanali. "Risasi zimekwisha kuingia bundukini, na mtaa unasubiri."

Walimfunga Luteni kwa mkanda ule ule. Aliyetoa amri alikuwa Kanali mwenyewe. Risasi nne zilimpata kifuani na ya tano iling'oa sikio, na kiti cha Don José kikavunjika mguu wa waya kikamlaza ubavu. Petronila alimvua viatu kabla hajaacha kutetemeka. Chini ya soli, kila upande, zilikuwa noti zimepangwa safi kama shuka, kasoro zake ndogo kweli: tarakimu moja imepinda, wino umetoka kidogo pembeni. Jasho la miguu lilikuwa limeanza kufuta nyuso.

Doña Eduviges alifika akikimbia, bado amevaa aproni ya gunia. Alikaa vumbini, akaweka kichwa cha mumewe mapajani, akakimwagia maji ya kopo la askari. Ausencio alifumbua jicho moja, lile lililoweza. Lilizunguka angani, likashuka, likamkuta Luteni Nájera amelala hatua mbili kutoka kwake, uso kwa uso.

Mkono wake mweupe wa chokaa uliinuka polepole. Kidole gumba na cha shahada vilifunguka, vikakaribia uso wa maiti, vikasimama hewani toka nyusi hadi ncha ya pua. Kisha toka pua hadi kidevu. Kisha upana wa masharubu.

"Anaweweseka?" Kanali aliuliza, akisogea.

"Hapana, bwana," Doña Eduviges alisema. "Anapima. Yuda wa mwakani."

Kanali alicheka, cheko la kwanza la siku ile, akiwa ameweka mikono kiunoni. Jicho la fundi lilihama kwenye maiti, likapanda taratibu kwenye buti za Kanali, mkanda, vifungo, hadi usoni. Likatulia hapo.

Kicheko kilikatika. Vidole vilikuwa vimefunguka tena.